Faili la .dat likikataa kufunguka

Katika sekretarieti za Goma (vibanda vya kuchapa na kunakili hati), mtu akileta fleshi yenye faili la .dat huambiwa limeharibika. Mara nyingi ni zima. ".dat" maana yake ni data tu; haisemi ni programu gani iliyoliandika.

Nakili faili kwanza. Fungua nakala kwa Bloc-notes (Notepad ya Windows ya Kifaransa), usome herufi za mwanzo. %PDF: badilisha .dat iwe .pdf. PK: ni zipu, au hati ya Word au Excel, weka .zip badala ya .dat, uifungue; ukikuta folda "word" ndani, irudishe kuwa .docx, ukikuta "xl", .xlsx. (Kama kiendelezi, yaani herufi za mwisho wa jina kama .dat, hakionekani kwenye Windows 10, fungua folda yoyote, nenda Affichage juu, uweke alama kwenye Extensions de noms de fichiers.) Ukiona alama zisizosomeka, funga bila kuhifadhi: ukihifadhi, baiti zinaweza kubadilika na faili kuharibika kweli.

AVSEQ01.DAT ya VCD (diski za video) za harusi ni video ya MPEG-1, programu ya VLC huicheza. Winmail.dat hutoka Outlook, programu ya barua pepe: mwombe mtumaji atume upya barua kwa muundo wa HTML.

Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili laweza kubaki 0 KB. Hapo rudi kwenye chanzo.

NTUSER.DAT usiifute hata diski ikijaa. Imebeba mipangilio ya akaunti yako ya Windows.