Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuiachia Mashine Kazi ya Kutunza na Kutoa Matoleo ya Programu

Mwanaprogramu anayetunza miradi kadhaa peke yake hufika mahali ambapo kazi ndogo ndogo zinamlia muda kuliko uandishi wa programu wenyewe: kusasisha maktaba ambazo msimbo wake unazitegemea, kuendesha majaribio, kupandisha namba ya toleo, kuandika orodha ya mabadiliko, kisha kupakia kifurushi kwenye ghala la umma kama npm au PyPI. Zana za kumpunguzia mzigo huo zipo, na nyingi hazitozi chochote kwa miradi ya wazi, zikiwemo GitHub Actions (huendesha kazi zenyewe kwenye GitHub), Dependabot na Renovate (hupendekeza masasisho ya maktaba) na semantic-release (hutoa matoleo). Hata hivyo, kabla hajaandika mstari wa kwanza wa faili ya YAML, yaani faili ya maagizo kwa mashine, yapo mambo yanayopaswa kuwa yamekaa sawa, kwa sababu mashine hufuata utaratibu iliopewa kama ulivyo, pamoja na kasoro zake.

La kwanza ni kuujua utaratibu wenyewe. Mwenye mradi atoe toleo moja kwa mkono huku akinukuu kila amri anayoitumia, halafu aifuate orodha hiyo kwenye kompyuta nyingine, au walau kwenye folda mpya iliyonakiliwa upya kutoka kwenye hifadhi ya msimbo. Hapo ndipo yanapojitokeza yaliyokuwa yamejificha: faili ya mipangilio iliyoko kwenye kompyuta yake tu, toleo la Python ambalo hakuwahi kulitaja popote, au faili zilizozalishwa zamani ambazo hakuna anayekumbuka zilitokana na amri gani. Kinachopakiwa kwa watumiaji kinapaswa kutoka moja kwa moja kwenye msimbo ambao kila mtu anaweza kuusoma. Umuhimu wa jambo hili ulionekana Machi 2024, Andres Freund alipogundua mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili; sehemu iliyouwezesha kufanya kazi ilikuwemo ndani ya furushi lililotolewa kwa watu, ilhali kwenye hifadhi ya msimbo ya Git haikuwepo.

Kuhusu majaribio hakuna haja ya maneno mengi. Mradi usio na majaribio ya kuaminika usiruhusiwe kuunganisha sasisho lolote bila mtu kulitazama. Wenye majaribio mazuri unaweza kuruhusu masasisho madogo yapite yenyewe, lakini baada ya kusubiri siku kadhaa tangu yatolewe, maana vifurushi vilivyotiwa sumu mara nyingi hugunduliwa mapema. Oktoba 2021, kwa mfano, matoleo mabaya ya ua-parser-js, kifurushi cha npm, yaliondolewa baada ya saa chache tu. Tena ni busara kuagiza masasisho yaje yakiwa yamekusanywa pamoja mara moja kwa wiki, kwani maombi ya kuyaunganisha yakija moja moja kila siku mtu huishia kuyaidhinisha bila kuyasoma.

Namba za matoleo nazo zinahitaji nidhamu inayotangulia mashine. Katika mfumo wa tarakimu tatu, kutoka 2.4.1 kwenda 2.4.2 ni marekebisho ya hitilafu, kwenda 2.5.0 ni nyongeza isiyovunja kitu, na kwenda 3.0.0 ni onyo kwamba msimbo wa mtumiaji unaweza kuacha kufanya kazi. Zana kama semantic-release hukisia namba inayofuata kwa kusoma maelezo ya kila badiliko, yakianza na “fix:” au “feat:”. Mtu aliyezoea kuandika “marekebisho” na kuishia hapo atashangaa kuona hakuna toleo lililotoka, na kosa halitakuwa la zana.

Linalostahili muda mrefu zaidi ni funguo. Ili mashine ipakie kifurushi kwa jina lako, lazima ipewe mamlaka yako, na yeyote atakayeiteka atakuwa nayo pia. Machi 2025 wavamizi walizielekeza tagi (majina yanayobandikwa kwenye matoleo) za tj-actions/changed-files, hatua ya GitHub Actions (kipande cha kazi kilichoandikwa tayari na wengine) iliyokuwa ikitumiwa na hifadhi zaidi ya 23,000, kwenye msimbo uliomwaga siri za miradi katika kumbukumbu za uendeshaji. Walioitaja hatua hiyo kwa tagi walipokea msimbo mbaya bila kubadilisha herufi moja kwenye faili zao, ndiyo maana hatua za watu wengine zinafaa kutajwa kwa utambulisho kamili wa herufi 40 wa badiliko husika. Vilevile, ruhusa ya kawaida iwe ya kusoma tu, na ile ya kuandika itolewe kwa kazi inayoihitaji peke yake. Bora zaidi ni kutokuwa na tokeni (ufunguo wa kidijitali) ya kudumu kabisa: PyPI tangu 2023, na npm tangu 2025, huruhusu mradi kuaminiwa moja kwa moja na kupewa kibali cha muda mfupi wakati wa kupakia.

Kisha ijulikane mapema kwamba upakiaji haurudi nyuma kwa urahisi. Baada ya mkasa wa kifurushi cha left-pad wa Machi 2016, ambapo kuondolewa kwa mistari 11 ya msimbo kulikwamisha miradi mingi duniani, npm ilikaza masharti. Leo kifurushi huondolewa kwa urahisi ndani ya saa 72 tu, tena kama hakuna kingine kinachokitegemea, na namba iliyokwisha kutumika haitumiki tena. Kwa hiyo zoezi zima lipitishwe kwanza kwa “npm publish --dry-run” (jaribio lisilopakia chochote) au kwenye TestPyPI (ghala la majaribio la PyPI), na hata baadaye mimi ningeacha idhini ya mwisho mikononi mwa mtu. Kubofya mara moja hakumchoshi yeyote.

Yabaki mambo ya ratiba. Kwa kawaida, saa za GitHub Actions husomwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo kazi iliyokusudiwa kuanza Jumatatu saa 2:17 asubuhi kwa saa za Nairobi au Dar es Salaam itaandikwa “17 5 * * 1”, yaani 05:17 UTC kila Jumatatu, na dakika hiyo ya 17 si bure, kwani mwanzo wa saa huwa na msongamano unaochelewesha kazi. Tagi iliyowekwa na mashine kwa kutumia GITHUB_TOKEN, tokeni ambayo GitHub huipa kila kazi inayoendeshwa, haiamshi utaratibu mwingine, jambo linalowafanya wengi wangoje toleo lisilokuja. Na mradi wa wazi ukikaa siku 60 bila shughuli yoyote, ratiba zake huzimwa, kwa hiyo mwenye miradi mitulivu aweke kwenye kalenda yake siku ya kwenda kukagua kama bado zinaendeshwa.