Programu ya Masasisho ya Ubuntu Inapojifunga Ghafla

Dirisha la masasisho la Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, linapofunguka, likazunguka kidogo, kisha likatoweka bila maelezo, wengi hukimbilia kuliondoa na kulisakinisha upya, na mara nyingi hatua hiyo haisaidii chochote. Dirisha hilo, ambalo jina lake la ndani ni `update-manager`, ni uso tu. Kazi ya kupakua na kusakinisha vifurushi, yaani mafaili ambamo programu hufungashwa, hufanywa na zana za `apt` na `dpkg`, na hitilafu kwa kawaida huwa huko chini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuupata ujumbe wa kosa uliotoweka pamoja na dirisha.

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, kisha andika `update-manager` na ubonyeze Enter. Likijifunga tena, safari hii litaacha maandishi. Usitishwe na wingi wake, kwa kuwa kiini cha habari huwa katika mistari ya mwisho. Baada ya hapo endesha `sudo apt update`, ukiandika nenosiri lako hata kama herufi hazionekani, na usome mistari inayoanza kwa E, ambayo ni makosa. Ile ya W ni maonyo tu.

Ujumbe ukitaja `/var/lib/dpkg/lock-frontend`, kuna programu nyingine inayoshughulikia vifurushi wakati huohuo, na aghalabu ni `unattended-upgrades`, huduma inayosakinisha masasisho ya usalama kimyakimya. Isubiri imalize. Ushauri wa kufuta faili hilo la kufuli umeenea sana, lakini siuungi mkono, kwa sababu kufuli limewekwa ili programu mbili zisiandike kwenye hifadhidata moja kwa mpigo, na anayelivunja kazi ikiendelea anaweza kuharibu mfumo mzima kwa kukwepa kusubiri dakika chache.

Angalia pia nafasi ya diski kwa amri ya `df -h`. Ikiwa `/` (sehemu kuu ya mfumo) au `/boot` (sehemu ya mafaili ya kuwashia kompyuta) imefika 100%, masasisho hayana pa kukaa. Amri ya `sudo apt clean` hufuta vifurushi vilivyobaki katika `/var/cache/apt/archives`, na `sudo apt autoremove` huondoa visivyohitajika tena, zikiwemo kerneli (viini vya mfumo) za zamani ambazo ndizo huijaza `/boot`.

Ikiwa kompyuta ilizimika katikati ya usakinishaji, endesha `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt --fix-broken install`, na usome orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kukubali. Orodha za vifurushi zikiwa ndizo zilizoharibika, zifute kwa `sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*` na urudie `sudo apt update` ili zipakuliwe upya. Iandike amri hiyo kwa uangalifu: nafasi moja tu ikiingia kabla ya nyota, utafuta pia kila kilichomo kwenye folda uliyosimama.

Chanzo kinachowasumbua zaidi watu wanaojifunza kuandika programu ni Python, lugha ya kuandikia programu. `update-manager` imeandikwa kwa Python na hutegemea toleo lilelile lililokuja na mfumo, yaani 3.10 kwa Ubuntu 22.04 na 3.12 kwa Ubuntu 24.04. Mtu akisakinisha toleo jipya na kulifanya kuwa ndilo `python3` ya mfumo mzima, dirisha hujifunga na terminali huonyesha `No module named 'apt_pkg'`, kwa kuwa moduli hiyo iliundwa kwa ajili ya toleo la awali. Hakikisha kwa `ls -l /usr/bin/python3`, amri inayoonyesha kiungo hicho (njia ya mkato) kinaelekea toleo gani. Kwenye 22.04, kiungo kikielekea kwingine, kirudishe kwa `sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3`, lile toleo jipya endelea kuliita kwa jina lake kamili, kama vile `python3.11`, na mfumo hautagombana nawe.

Kosa likitaja anwani ya hazina fulani ya nje, yaani ghala la vifurushi la mtandaoni lisilo la Ubuntu yenyewe, tafuta faili lake katika `/etc/apt/sources.list.d`. Kwenye faili la `.list`, weka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari husika; kwenye lile la `.sources`, ongeza mstari wa `Enabled: no`.

Ni pale tu `sudo apt update` na `sudo apt upgrade` zinapokamilika bila kosa, na dirisha bado linajifunga, ndipo inafaa kulisakinisha upya kwa `sudo apt install --reinstall update-manager python3-apt`. Hata hilo likishindikana, ripoti ya hitilafu huhifadhiwa katika `/var/crash`, na unaweza kuiambatisha unapowaarifu watengenezaji. Wakati ukisubiri jibu, endelea kusasisha kwa `apt` kwenye terminali, kwani vifurushi ni vilevile.