Somo: Kumaliza Final Fantasy VIII Squall akiwa bado ngazi ya 7

Nimekwisha kujibu swali hili, la jinsi ya kumaliza mchezo huu wa video bila kumpandisha ngazi Squall, mhusika wake mkuu, mara tisa, kila mara kwa mtu mwingine na kila mara kuanzia mwanzo, kwa hiyo leo ninaliandika lote mahali pamoja. Atakayeuliza bila kusoma nitamrudisha hapa.

Ni lazima kwanza uelewe kwa nini jambo hili linawezekana. Katika mchezo huu, uliotoka mwaka 1999, nguvu za maadui hufuata wastani wa ngazi za kundi lako: ukipanda, nao wanapanda. Nguvu yako ya kweli inatokana na uchawi unaoufunga kwenye uhai, nguvu na kasi ya mhusika, hadi 100 wa kila aina. Anayebaki chini huku akifunga uchawi mzuri hajitesi. Anawanyima maadui chakula.

Hatua ya 1. Chukua Quezacotl na Shiva, viumbe wa kuita vitani, kabla ya kutoka shuleni, mahali mchezo unapoanzia. Kwenye diski za Kifaransa, ambazo ndizo wengi wetu hapa Lubumbashi tunazo, Quezacotl anaitwa Golgotha.

Hatua ya 2. Mfundishe Quezacotl amri ya Kadi kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 3. Mpunguze adui uhai, kisha umgeuze kuwa kadi. Adui aliyegeuzwa kadi hakupi alama za uzoefu hata moja, lakini alama za kufundishia viumbe vyako unazipata. Kadiri uhai wake unavyopungua, ndivyo amri inavyofaulu kwa urahisi. Hapa ndipo nilipoharibu jaribio langu la kwanza, na nitaeleza kirefu kwa sababu kosa lenyewe halionekani. Upanga wa Squall una kifyatulio: ukibonyeza kitufe cha R1 wakati pigo linapotua, pigo linaongezeka. Mimi nilikuwa nimeuzoea mchezo kwa miaka, na kidole kilibonyeza chenyewe bila kuniomba ruhusa. Mdudu aliyebakiwa na uhai kidogo, ambaye nilikusudia kumkwaruza tu, alikufa. Nikasema si neno, ni alama chache. Kesho yake ikawa vilevile. Kila ngazi inahitaji alama 1000, kwa hiyo hakuna kinachobadilika machoni mpaka siku hesabu inapotimia, na jioni ya tatu nilifungua orodha ya wahusika nikaona 8. Nilikuwa nimehifadhi mchezo juu ya faili yangu pekee. Basi zingatia: hifadhi katika nafasi mbili kwa kupokezana, angalia alama za Squall kila unapohifadhi, na usiite Shiva wala Quezacotl kumpunguza adui uhai, kwa sababu pigo la viumbe hao huwezi kulizuia.

Hatua ya 4. Dollet, mji unakofanyika mtihani wa kuwa SeeD, yaani askari wa kukodiwa wa shule. Askari wa Galbadia, maadui wa huko, hawamo katika kadi 110 za mchezo, kwa hiyo hawageuzwi. Kukimbia kunakupunguzia alama za mtihani. Aliyeanguka wakati pambano linapokwisha hapati alama za uzoefu, kwa hiyo waangushe Squall na mwenzake Zell kwa mikono yako mwenyewe, kisha umwache Seifer, kiongozi wa kikosi chao, amalize kazi. Seifer ataondoka kundini, na alama zake ataondoka nazo.

Hatua ya 5. Taa unayopewa na mkuu wa shule ina Diablos, kiumbe mwingine wa kuita, ndani yake (Nosferatu kwa Kifaransa). Hifadhi kwanza, kisha uifungue. Pigo lake kubwa hukata sehemu ya uhai ulio nao, kwa hiyo haliwezi kukuua peke yake. Linalokuua ni ngumi inayofuata. Ukimshinda, mfundishe uwezo wa kuzuia kabisa mapambano ya njiani.

MASWALI

Mwana_Katuba: Yaya, kwa hiyo nifanyeje ili nifike ngazi ya 100 haraka?

Jibu: Soma kichwa cha somo, ndugu.

Kifungo12: Amri ya Kadi haifanyi kazi kwangu. Nadhani diski imeharibika.

Jibu: Ulikuwa unapigana na nani?

Kifungo12: Na askari.

Jibu: Hatua ya 4.

Dada_Ruashi: Nimesoma yote na ninashukuru. Kama siui maadui, fedha nitazipata wapi? Na uhai wa ngazi ya 7 unatosha kweli mbele ya mabosi?

Jibu: Dada, haya ndiyo maswali ninayoyapenda. Fedha ni mshahara wa SeeD, unaolipwa kadiri unavyotembea, na cheo hupandishwa kwa mitihani ya maandishi. Lakini huruhusiwi kufanya mtihani uliozidi ngazi ya Squall, kwa hiyo wewe utaishia wa 7; hiyo ndiyo gharama halisi ya safari hii, na wengi hawaitaji. Kuhusu uhai, mvute Siren, kiumbe mwingine wa kuita, kutoka kwa bosi Elvoret kule Dollet, umfundishe kutengeneza uchawi wa uponyaji, kisha ununue mahema. Hema moja linatoa Curaga 10, yaani uchawi mkubwa wa uponyaji, kwa hiyo mahema 10 yanamtosha mhusika mmoja. Funga hiyo Curaga kwenye uhai, nawe utaona namba ikiruka. Isitoshe, uhai mdogo si hasara tupu, kwa sababu mapigo makuu ya wahusika hujitokeza wakiwa wameumia.

Mzee_wa_Play: Kama maadui wanabaki wadogo, basi hii si changamoto, ni ujanja tu.

Jibu: Sijasema popote kwamba ni mateso. Geuza kadi jioni nne mfululizo bila kuua hata mdudu mmoja, kisha urudi tuzungumze.

Kamalondo_Fundi: Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, kadi ya kumbukumbu inaharibika?

Jibu: Faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kupotea. Kadi ina nafasi 15, na faili moja inachukua moja tu, kwa hiyo usiwe bahili. Mwenye toleo la mwaka 2019 anaweza kuzima mapambano ya njiani kwa kitufe, ila mimi sihesabu hivyo.

Dada_Ruashi: Kuhusu kidole chako, kaka: mimi nimebandika kipande cha plasta juu ya R1 ya manete, na kidole kikiigusa plasta kinakumbuka.

Jibu: Hilo sikuwahi kulifikiria, na lingeniokolea jioni tatu. Ila uibandue kabla ya bosi, kwa sababu Renzokuken, pigo kuu la Squall, nayo inaitaka R1 hiyohiyo.