Somo: Namna ya kula sushi ya kujihudumia mchana bila kuambulia wali mgumu

Wakuu, yale maswali ya sushi (wali wa siki wa Kijapani unaoliwa na samaki, mara nyingi mbichi) za kujihudumia mjini yamezidi, nimeona tuyamalize hapa. Nazungumzia zile sehemu ambazo unaingia saa saba mchana, unachukua mwenyewe, unalipa, unakula, kisha unarudi kazini. Wengi hubabaika mbele ya friji, wakaondoka na boksi lililowavutia kwa rangi, halafu wakalalamika kwamba sushi haina ladha. Kwa kawaida kosa si la sushi. Swali ni imetengenezwa saa ngapi, na tangu hapo imekaa wapi.

Kabla ya hatua zenyewe, wanaoona aibu kuila kwa haraka wapumue. Nigiri, yaani lile tonge la wali lenye kipande cha samaki juu, ilipata umaarufu kwenye vibanda vya Edo, mji ambao leo ni Tokyo, mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa sana kwa kuieneza ni Hanaya Yohei, miaka ya 1820. Wateja walikuwa watu wenye haraka zao, wakila kwa mkono. Mambo ya kunong'onezana mbele ya mpishi asiyecheka yalikuja baadaye sana.

Hatua ya 1: Jua umeingia sehemu ya aina gani

Zipo aina tatu kubwa. Kuna friji ya maboksi yaliyofungwa. Kuna kaunta ya trei na koleo, ambapo unalipia kwa kipande au kwa uzito. Na kuna mkanda unaozunguka na visahani.

Kwenye kaunta ya uzito, fahamu kwamba wali ndio mzito. Maki, yaani vile vipande vya mviringo vya wali uliokunjwa na mwani, zikiwa nene na zimeshindiliwa wali zitakumaliza kwenye mizani, kwa hiyo chukua vipande vya samaki mtupu na nigiri zenye tonge dogo. Kama wanahesabu vipande, hilo halikuhusu, chukua unachokipenda.

Mkanda ni kazi ya Yoshiaki Shiraishi, mwenye mgahawa wa Osaka aliyepata wazo baada ya kuona chupa za bia zikipita kwenye mkanda wa kiwandani. Alifungua mgahawa wake wa mkanda mwaka 1958, na maonyesho ya dunia ya Osaka ya 1970 yakaufanya ujulikane. Kasi ya kawaida ni kama sentimita 8 kwa sekunde, kwa hiyo una muda wa kumkagua samaki anapopita. Utumie.

Hatua ya 2: Chagua saa

Watu hukimbia foleni. Mimi naifuata. Foleni ikiwa ndefu trei zinaisha, na zikiisha mpishi anatengeneza nyingine. Saa mbaya ni ile ya saa tisa alasiri, duka limetulia, trei zimebaki nusu, na stika za punguzo zimeanza kubandikwa. Punguzo hilo si haramu, ila litumie kwa vitu vilivyopikwa tu.

Hatua ya 3: Kagua wali kabla ya samaki

Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Wali wa sushi huchanganywa na siki, sukari na chumvi ukiwa bado wa moto. Siki si ya ladha pekee. Ukitengenezwa sawasawa, pH yake, yaani kipimo cha uchachu (namba ikishuka uchachu umezidi), hushuka chini ya 4.6, hali ambayo bakteria wengi wanaopenda wali hawawezi kustawi. Ndiyo maana mpishi anaweza kuuacha nje ya friji kwa saa kadhaa. Samaki mbichi naye anataka baridi muda wote. Shida ni kwamba wali hauipendi baridi hata kidogo: ukikaa kwenye friji, wanga wake hujipanga upya, punje zinakaza na kuwa kama mchanga mdomoni. Boksi la friji limewafungia pamoja wapangaji wawili wasioelewana, na anayeumia ni wali, maana usalama wa samaki lazima utangulie.

Kwa hiyo usidanganywe na samaki anayeng'aa. Chukua boksi, linyanyue juu ya usawa wa macho, uangalie wali kwa chini au ubavuni. Wali mzuri una punje zinazong'aa, unaweza kuzihesabu moja moja lakini zimeshikana. Ukiona kingo zimepauka na kuwa nyeupe kama chaki, au tonge limepasuka, rudisha. Matone ya mvuke chini ya kifuniko yanamaanisha boksi limepita kwenye joto na baridi, nalo lirudishe. Na usifikiri ukiliacha mezani dakika tano wali utalainika. Uliokwisha kukaza unahitaji moto, na huwezi kuupasha bila kumpika samaki.

Mwani nao una mambo yake. Ukishaguswa na wali unyevu, unaanza kuwa kama ngozi ya kiatu. Kwenye maboksi, maki zenye wali nje na mwani ndani hutafunika vizuri kuliko zenye mwani nje. Ukikuta zile za kushika mkononi zilizofungwa kwa plastiki yenye namba 1, 2, 3, jaribu. Hiyo plastiki inatenganisha mwani na wali hadi unapoivuta, na ukifuata namba unapata mwani mkavu unaolia unapouma.

Hatua ya 4: Sasa samaki

Jodari akianza kuwa wa kahawia pembeni, amekaa. Akiwa mwekundu wa kung'aa kupita kiasi, huenda amepitishwa kwenye gesi ya kaboni monoksidi ili rangi isibadilike. Hilo linaruhusiwa Marekani, ila Umoja wa Ulaya na Japani wamelikataa, kwa sababu rangi inabaki nzuri hata samaki akichakaa. Salmoni awe na mistari myeupe iliyotulia, nyama isiwe inaachana. Harufu ya bahari sawa. Harufu ya samaki, hapana.

Ambaye hajazoea vibichi aanze na vilivyopikwa: kamba wa kuchemshwa, yai, au mkunga (yule samaki mrefu kama nyoka) wa kuchoma. Mkunga wa maji baridi haliwi mbichi, damu yake ina sumu inayoharibiwa na moto.

Hatua ya 5: Mezani

Sosi ya soya kidogo. Pindua nigiri uchovye upande wa samaki. Ukichovya wali utafumuka na utakula chumvi tupu. Mkono unaruhusiwa, vijiti si mtihani. Ile wasabi (kiungo kikali cha kijani) ya vipakiti mara nyingi ni mzizi mwingine mkali wa ukoo wa haradali uliotiwa kijani, kwa hiyo usijilazimishe kuimaliza kwa heshima. Tangawizi ni ya kusafisha mdomo kati ya aina moja na nyingine, haiwekwi juu ya samaki.

Kwenye mkanda, kisahani ukishakishika ni chako, hakirudi. Vipange kwa rangi, maana mara nyingi rangi ndiyo bei. Na kile kibomba kidogo mezani ni cha maji ya moto ya chai. Usinawie mikono, utaungua.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

mpenda_bahari: Mkuu, nimesikia samaki aliyegandishwa si sushi ya kweli. Niwaulize kabla ya kununua?

Waulize, ila ukiambiwa amegandishwa ufurahi. Samaki wa baharini wanaweza kuwa na minyoo ya anisakis, na siki, wasabi au chumvi ya sosi haiwaui. Baridi kali ndiyo inayowaua. Umoja wa Ulaya unataka nyuzi -20 kwa saa 24 au -35 kwa saa 15, na mwongozo wa Marekani unataka -20 kwa siku 7. Salmoni wa kufugwa anayelishwa chakula cha kiwandani anaweza kusamehewa sharti hilo, kwa kuwa hali samaki wadogo wanaobeba minyoo. Friza ya nyumbani usiitegemee, nyingi hazifiki baridi hiyo hadi katikati ya minofu.

mama_kijacho: Mimi ni mjamzito na hamu imenishika. Niache kabisa?

Hongera, dada. Nchi hazishauri sawa. Marekani wanawaambia wajawazito waepuke samaki mbichi. Huduma ya afya ya Uingereza inaruhusu, mradi samaki awe aligandishwa kwanza. Kwenye boksi la kujihudumia hujui historia yake, kwa hiyo kwako ningesema maki za parachichi, tango na kamba aliyepikwa. Jodari usizidishe hata akiwa amepikwa, kwa sababu ya zebaki. Na umuulize mkunga wako wa kliniki, si yule wa kwenye wali.

sili_nyama: Na sisi wa mboga tu? Halafu mwenzangu ngano inamdhuru.

Wewe chunga yai. Lile la sushi mara nyingi hutiwa supu ya samaki mkavu. Tango, parachichi na figili ya siki ni salama kwako kama koleo halichanganywi, na kwenye kaunta ya trei mara nyingi linachanganywa.

Mwenzako ana kazi zaidi. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano, atafute tamari (sosi ya soya ambayo kwa kawaida haina ngano) na asome lebo. Vile vijiti vyeupe na vyekundu vinavyoitwa kaa ni samaki mweupe aliyesagwa na wanga, mara nyingi na ngano na yai pia. Asivile bila kusoma.

nusu_kesho: Boksi kubwa siwezi kulimaliza. Nusu nikiiweka kwenye droo ya ofisini hadi jioni?

Hapana mkuu, tena kwa herufi kubwa. Chakula chenye samaki mbichi kikizidi saa 2 nje ya friji, tupa. Jodari ndiye mbaya zaidi, nyama yake ikikaa kwenye joto bakteria hutengeneza histamini, na hiyo haiondoki hata ukimkaanga. Dalili zake ni ulimi kuwasha kama umeuma pilipili, uso kuwa mwekundu na kichwa kugonga. Ukisikia pilipili ambayo hukuiweka, tema. Nunua boksi dogo.

mzunguko: Nimeingia kwenye sushi ya mkanda na mkanda hauna kitu! Watu wanabonyeza skrini tu. Ndiyo nini sasa?

Sehemu nyingi zimehamia huko. Mwaka 2023 zilisambaa video nchini Japani za wateja wakilamba chupa za sosi na kugusa vyakula vya wengine vinavyopita, na migahawa kadhaa ikaacha kuzungusha vyakula wazi. Kwako wewe ni faida, maana unachoagiza kinatengenezwa wakati huo. Usiagize vyote kwa mpigo, agiza viwiliviwili, ukila vya kwanza vya pili vinakuwa njiani. Kama una dakika 20 tu, anza na vya kuchoma, hivyo ndivyo vinavyochelewa.