Jinsi ya Kusoma Riwaya za Chumba Kilichofungwa Katikati ya Theluji

Riwaya hizi za upelelezi zina umbo moja. Nyumba iko mlimani, au garimoshi limekwama njiani. Theluji inaanguka mpaka barabara inapotea, simu inakatika, na watu wanane au kumi na wawili wanabaki humo ndani. Asubuhi mmoja wao hafungui mlango. Unavunjwa, anakutwa amekufa, komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, na chini ya dirisha theluji haina hata unyayo mmoja.

Msomaji mgeni huanza hapo hapo kujiuliza muuaji alitokaje. Ukiling'ang'ania swali hilo utapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa hadi ukurasa wa mwisho, maana mwandishi amelitayarisha hilo kwa ajili yako. Anza na wakati. Mlango ulijulikana umefungwa kuanzia saa ngapi? Theluji ilikoma saa ngapi? Na hayo yote, nani kasema?

Kukagua nakala

Nakala nyingi zinazozunguka Nairobi ni za mtumba, zinazopangwa kwenye turubai kando ya njia katikati ya jiji. Hazina ubaya, ila zikague kabla hujalipa. Tafuta kwanza ramani ya nyumba, ambayo mara nyingi huwekwa kabla ya sura ya kwanza au karibu na pale maiti inapopatikana. Ikiwa imechomoka, rudisha kitabu. Kisha funika maandishi ya kurasa za mwisho kwa kiganja, uangalie namba tu, uhakikishe zinafuatana. Pitisha jicho pembeni mwa kurasa pia, kwa sababu kuna wasomaji wenye tabia mbaya ya kupigia jina mstari na kuandika "ndiye huyu".

Jihadhari na matoleo yaliyofupishwa kwa wanafunzi wa Kiingereza. Ni membamba, mengi hayafiki kurasa 120, na kinachokatwa ni viatu vilivyolowa mlangoni, saa ya ukutani iliyosimama, mshumaa uliobaki nusu: vitu vile vile unavyovihitaji. Toleo kamili kwa kawaida lina kurasa 200 hadi 300. Tena kuna vitabu vyenye majina mawili, moja la Uingereza na jingine la Marekani. The Hollow Man ya John Dickson Carr ndiyo The Three Coffins. Murder on the Orient Express ya Agatha Christie iliuzwa Marekani kama Murder in the Calais Coach. Usinunue kitabu kimoja mara mbili.

Utangulizi ulioandikwa na mtu mwingine, usome mwisho. Wataalamu wengi wanaopewa kazi hiyo humwaga mtama bila hata kuomba radhi.

Daftari

Chukua daftari la miraba, lile la hesabu la watoto wa shule, na penseli. Unahitaji kurasa nne: ramani, watu, saa, na ukurasa wa nne uliouandika juu "Nani kasema".

Nakili ramani kwa mkono wako hata kama kitabuni imechorwa vizuri, mraba mmoja ukiwa hatua moja. Ukisoma kitabu kwenye simu, ramani huwa ndogo mno. Ikuze kwanza, kisha nakili. Weka milango inakofungukia, ndani au nje, maana mtu anaweza kusimama nyuma ya mlango unaofungukia ndani na asionwe na wanaouvunja. Ghorofa nazo zina mtego. Waingereza huhesabu kama sisi, lakini kwa Wamarekani na Wajapani ghorofa ya kwanza ni ile ya chini kabisa. Ukikosea hapo, utamfanya mtu aruke kutoka juu kumbe alitoka dirishani kwa kuinua mguu tu.

Kwenye ukurasa wa watu andika jina, lakabu, chumba anacholala na viatu anavyovaa. Riwaya za Japani zikitafsiriwa, baadhi hutanguliza jina la ukoo na nyingine hulimalizia. Amua utamwitaje kila mmoja na usibadilishe. Kurasa 50 za kwanza zisome umekaa nyumbani. Kwenye matatu yenye muziki majina yatachanganyika, na ukishawachanganya mdogo wa marehemu na mkwewe, daftari zima limeharibika.

Ukurasa wa saa ndio unaowaponza wasomaji wa Kiswahili. Saa 1:15 ya usiku kwenye kitabu ni saa saba na robo kwetu. Chagua mtindo mmoja wa kuhesabu uushike mpaka mwisho. Shahidi akisema "Jumanne usiku, saa moja" kwa saa za Kizungu, andika "usiku wa kuamkia Jumatano, saa saba", na hapo Kiswahili kinakusaidia kuliko Kiingereza. Kumbuka pia kwamba jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, lakini London mwezi wa Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Anayedai alimtambua mtu kwa mbali uani saa kumi na moja jioni, bila taa, amesema jambo la kuandikwa kwenye ukurasa wa nne.

Theluji ni saa

Wengi wetu theluji tunaijua kwa picha, au kwa kuiona kileleni mwa Mlima Kenya siku isiyo na mawingu. Mvua ya mawe iliyofunika mashamba kule Nyahururu mwaka 2008 ilikuwa nyeupe vile vile, lakini punje zake hubingirika na hazishiki unyayo vizuri. Theluji mpya ni nyepesi: kina cha sentimita 10 kikiyeyuka hutoa takriban sentimita 1 tu ya maji. Hunyonya sauti, kwa hiyo nyumba inakuwa kimya kuliko kawaida. Pia hurudisha mwanga mwingi, hivi kwamba mbalamwezi inatosha kumwona mtu anayevuka ua.

Kwa msomaji, kazi yake kubwa ni kupima wakati. Unyayo uliowekwa kabla theluji haijaanza umefukiwa. Uliowekwa ikiwa inaanguka umejaa nusu, kingo zake zimelegea. Uliowekwa baada ya kukoma una kingo kali. Kila mara kitabu kinapotaja unyayo, uweke kwenye moja ya mafungu haya matatu kabla ya kuendelea; kama mwandishi hakueleza hali ya kingo, andika namba ya ukurasa, huenda amenyamaza makusudi.

Chukua mfano. Theluji imekoma saa tano na nusu usiku. Saa moja asubuhi mpishi anavuka ua, hatua 30, anamkuta mwenye nyumba amechomwa kisu kwenye kibanda cha bustani. Nyayo ni za mpishi tu, za kwenda. Daktari anasema alikufa saa nane. Majibu yanayowezekana si mengi. Aliuawa kabla ya saa tano na nusu na daktari amekosea au anadanganya. Aliuawa na mpishi pale alipofika. Hakuna aliyeingia, alijiua au aliumizwa mahali pengine akatembea mwenyewe theluji ikiwa bado inaanguka. Muuaji hakuhitaji kufika, silaha ilirushwa au ilitegwa. Muuaji alifika mapema akabaki kibandani, akatoka baadaye katika vurugu la watu kuja kutazama. Au theluji haikukoma saa tano na nusu, na hapa ndipo unaporudi kwenye ukurasa wa nne: nani kasema ilikoma, na alikuwa dirisha gani? Ikiwa shahidi wa saa hiyo ni mmoja tu, shughulika naye kabla ya kushughulika na kamba, ngazi na vioo.

Kuna nyayo za kudanganya pia, za mtu aliyetembea kinyumenyume au aliyevaa viatu vya mwingine. Hili unaweza kulipima mwenyewe bila theluji. Pale panapojengwa, omba mafundi wakuachie mchanga, utandaze sakafuni kina cha sentimita 5, unyunyizie maji kidogo. Tembea mbele hatua sita. Kando yake tembea kinyumenyume hatua sita. Kisha tembea mbele ukibeba mtungi wa lita 20 uliojaa, yaani kilo 20 na zaidi. Ukichuchumaa utaona kwamba hatua za kinyumenyume ni fupi, miguu imetanuka, na vidole vimechimba kabla ya kisigino. Za mtungi zimedidimia zaidi, hasa kisigino, lakini pale mguu ulipogusa sakafu ngumu chini ya mchanga, kina ni kile kile. Ndivyo ilivyo hata kwenye theluji ya kina kifupi: kila mtu hugusa ardhi, mzito na mwepesi. Inspekta anayetangaza kwamba "huyu alibeba mzigo" kwa kutazama theluji ya sentimita 3, usimwamini, mwandishi anamcheka.

Ganda la barafu nalo lisikupite. Theluji ikilegea mchana kisha baridi ikaongezeka usiku, juu hufanyika ganda linaloweza kumbeba mtu mwepesi bila alama ya maana. Mwandishi mwaminifu atataja mapema kwamba mchana matone yalidondoka kutoka paani. Asipotaja, hana haki ya kulitumia.

Mlango na dirisha

Msomaji wa Nairobi ana upofu wake hapa. Nyumba zetu zina grili madirishani, kwa hiyo tunaliruka dirisha na kukimbilia mlango. Nyumba za Ulaya katika riwaya hizi hazina grili. Dirisha ni njia halali ya kutokea, na theluji iliyo chini yake ndiyo inayolilinda. Nyumba ya Kijapani ya zamani ina milango ya kusukuma kando na mbao za kufunikia madirisha kwa nje, kwa hiyo usiitafutie kitasa.

Mlango ukishavunjwa, soma aya hiyo mara mbili, polepole. Kama komeo lilikuwa limefungwa kweli, kile kipande cha chuma kwenye mwimo kinachopokea komeo kitakuwa kimeng'oka na misumari yake, na mbao zimepasuka hapo. Kama kitabu kinataja mbao zilizopasuka kwenye bawaba tu, au mtu mmoja anaingiza mkono kwenye tundu na kusema "komeo limefungwa" wengine wakiwa nyuma yake, bado huna mlango uliofungwa. Una mtu aliyesema umefungwa. Angalia pia nani alifika wa kwanza kwa marehemu, na nani alitumwa kuita wengine.

Hila za uzi na barafu zina masharti yake. Komeo linaloangushwa na uzito wake linaweza kuzuiwa na kipande cha barafu mpaka kiyeyuke, lakini barafu inahitaji joto. Chumba kisicho na moto, nje baridi ikiwa chini ya sifuri, barafu itakaa mpaka asubuhi. Kwa hiyo tafuta moto: nani aliuwasha, nani aliongeza kuni, na kama sakafu ilikuwa na maji, maji hayo yalisingiziwa viatu vya nani.

Kuhusu njia za siri, mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox, naye mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliweka masharti kumi ya kuandika hadithi hizi. Alikataza mizimu na akaruhusu njia ya siri moja tu. Si sheria, lakini kwa vitabu vya miaka ya 1920 na 1930 unaweza kuitegemea kwa kiasi kikubwa.

Maiti kwenye baridi

Kwa kipimo cha haraka, mwili hupoa takriban digrii moja ya selsiasi kwa saa katika chumba cha kawaida. Dirisha likiachwa wazi kwenye baridi kali, kupoa kunaharakishwa na kukakamaa kwa mwili kunachelewa, vipimo viwili vinapingana. Daktari anayetaja saa kamili katika hali hiyo anajidai. Na kumbuka yeye mwenyewe amefungiwa na theluji pamoja na washukiwa. Hakuna wa kumhakiki.

Pa kusimama

Mpelelezi anapoomba wote wakusanyike sebuleni, simama. Bana kurasa zilizobaki kwa kibanio cha nguo. Andika nani, saa ngapi, kwa njia gani, na kurasa tatu zinazokuunga mkono. Jina bila namba za kurasa ni kubahatisha, hata likiwa sahihi. Mtu mpole kupita wote huangukiwa na shaka ya kila msomaji.

Kama unaanza, anza na Murder on the Orient Express ya Christie (1934): garimoshi limekwama kwenye theluji Yugoslavia, na theluji kazi yake ni kuwafungia watu tu, kwa hiyo unajifunza ukurasa wa saa bila kuhangaika na nyayo. Fuata na The Honjin Murders ya Seishi Yokomizo, iliyotoka Japani mwaka 1946 na kwa Kiingereza 2019. Ni fupi, nyumba moja, theluji bila nyayo. The Hollow Man ya Carr (1935) iache mwisho. Humo kuna mauaji mawili yasiyowezekana usiku mmoja, la pili barabarani kwenye theluji, na sura ya 17 ni mhadhara mzima juu ya namna za kufunga chumba. Mhadhara huo unafichua hila ya Israel Zangwill katika The Big Bow Mystery ya 1892, kwa hiyo soma ile kwanza. Ni fupi, ina ukungu wa London badala ya theluji, na kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha, unaipakua bure kwenye intaneti bila kuvunja sheria.