Lugha mezani: jinsi ya kuzipima bila kuua mchezo

Mwenye kujifunza kusimamia mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa mezani ambapo msimulizi huongoza hadithi na kila mchezaji humwigiza mhusika wake, huulizia mapigano kwanza. Panga linaumiza kiasi gani, ngao inazuia nini. Sehemu ya lugha kwenye karatasi ya mhusika hujazwa mwisho, harakaharaka, na husahaulika mpaka siku wachezaji watakapomkuta mtu asiyesema lugha yao. Hapo ndipo kila mmoja anapoanza kupekua karatasi yake.

Mimi ni ajenti wa forodha hapa Malaba, mpakani na Kenya, upande wa Uganda, na Jumamosi jioni nasimamia meza ya mchezo nyuma ya duka la vifaa vya simu. Mchana kutwa nahangaika na karatasi za malori, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kujua nimwendee nani kwa lugha gani. Basi msimamo wangu ni huu: lugha mchezoni isiulize tu "umeelewa au hukuelewa?" Iulize pia "wewe ni wa nani?" Mengine yote ninayoeleza hapa yanatoka kwenye swali hilo la pili.

Anza kwa kuangalia mchezo wako unakupa nini. Dungeons & Dragons, toleo la tano la 2014, linasema unayo lugha au huna, basi. Call of Cthulhu inatumia asilimia, na lugha ya kigeni huanzia 1 kwa mia. GURPS ina ngazi tatu, tena inatenganisha kusema na kusoma. Kwa meza yangu GURPS imewapita wenzake, na ngazi zake zinahamishika hadi mchezo wowote bila kuvunja kanuni nyingine.

Mimi naziita ya sokoni, ya ugeni na ya nyumbani. Ya sokoni inatosha salamu, bei, njia na matusi. Haitoshi ahadi yenye masharti, wala utani. Mwenye ya ugeni anasema lolote atakalo, ila baada ya sentensi mbili wenyeji wanajua hakuzaliwa hapo. Mwenye ya nyumbani anaweza kumpinga mzee kwa methali na bado akapewa kiti. Ukicheza Dungeons & Dragons, fanya hivi: lugha anazopewa mhusika kwa kabila lake ziwe za nyumbani, zile za usuli wake ziwe za ugeni, na lugha moja ya ugeni anaweza kuibadilisha kwa mbili za sokoni. Wachezaji wangu wengi hubadilisha. Watu wa mpakani wanajua faida ya kujua kidogo cha kila kitu.

Sasa ile Lugha ya Wote. Michezo mingi inayo, na wasimulizi wengi huiacha kama hewa: kila mtu anaisema, haina mwenyewe. Usikubali. Jiulize nani aliileta, na kwa njia gani: biashara, jeshi au dini? Sisi Uganda hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na hapa Malaba dereva wa Mombasa, mbadilisha fedha na mama wa chapati hawana haja ya kitu kingine. Ingia nacho kijijini huko Buganda, kwa mzee aliyeiona miaka ya 1970, na huenda kitu cha kwanza atakachokumbuka ni askari kwenye kizuizi cha barabarani. Maneno ni yaleyale, lakini uso anaokutazama nao ni mwingine. Kwa hiyo katika mchezo wangu Lugha ya Wote huwa ya sokoni kwa kila mhusika, isipokuwa waliokulia bandarini au kambini, na kila mji nauandikia mstari mmoja tu: hapa ikisikika, watu wanamfikiria nani?

Mchezo tunaoendelea nao sasa umewekwa kwenye kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, miaka ya 1870. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshafika, na Kabaka mwenyewe alikuwa amejifunza Kiswahili na herufi za Kiarabu. Mhusika mwenye Kiswahili kizuri anafika mbele ya kiti cha enzi upesi kuliko wenzake. Lakini mwanamke anayemficha mtoro kwenye shamba la matoke hatamfungulia mlango, maana mtu aongeaye hivyo ametoka kwa wakubwa. Hapo ndipo yule mchezaji aliyechukua Kisoga kwa bahati nasibu anageuka kuwa wa maana.

Kisoga na Kiganda ni ndugu wa karibu, na hilo linahitaji kanuni yake. Chora ukoo wa lugha za dunia yako kwenye karatasi moja. Anayejua lugha moja kwa ngazi ya nyumbani anaisikia ndugu yake kwa ngazi ya sokoni, bure. Kiacholi, Kilango, Kialur na Dhopadhola ni za ukoo wa Kiluo. Kiteso na Kikaramojong nazo zina damu moja. Ila angalia, ujirani si udugu: Kilugbara kiko kaskazini huko huko jirani na Kiacholi, na havina uhusiano wa kusaidiana hata kidogo. Hata Dungeons & Dragons ina mfano wake, kwani lugha ya Primordial, ya viumbe wa hewa, ardhi, moto na maji, ina lahaja nne na wasemaji wake wanaelewana.

Dadu irushwe lini? Mara chache. Hakuna anayerusha dadu kununua muhogo. Narusha kukiwa na haraka, hofu au ulaghai: unamweleza mlinzi jambo huku nyumba inaungua, au unajifanya mwenyeji. Kwa ya sokoni ugumu, yaani namba ya kufikia kwa dadu ya pande ishirini, ni 15, kwa ya ugeni 10, na mwenye ya nyumbani harushi. Dadu ikikataa, usiseme "hukuelewa" ukanyamaza, maana mchezo utakwama hapo hapo. Chagua moja: mazungumzo yamekula muda, au imebidi aitwe mtu wa tatu ambaye sasa anajua siri yenu, au msikilizaji ametambua mmetoka wapi. La tatu ndilo nilipendalo. Kumlisha mchezaji habari ya uongo kwa siri sishauri. Atajenga kikao kizima juu yake, na siku ukweli ukitoka ataona umemwonea.

Mwenye lugha ndiye mkalimani, na mkalimani ana madaraka. Mwandikie kikaratasi kile mgeni alichosema, kisha mwache awaeleze wenzake kwa maneno yake. Usikisome kwa sauti. Mchezaji wangu mmoja, Mkongomani aliyelelewa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huacha nusu ya habari mfukoni kila mara, na wenzake wamejifunza kumtazama usoni anaposoma. Wasioelewa nao wape kazi wakati huo: nani ameshika kisu, nani anakwepa macho, nani amecheka kabla ya sentensi kuisha. Mazungumzo yenyewe yawe mafupi.

Kusoma kuandikwe kando na kusema. Katika Dungeons & Dragons herufi za Kidwarfu, lugha ya mbilikimo wa ngano, zinatumika pia kwa lugha za majitu, za goblini na za oki, kwa hiyo dwarfu anaweza kuitamka barua ya goblini neno kwa neno bila kujua inasema nini, kama mtoto wa madrasa aliyeanza juzi. Mwache aisome kwa sauti. Pengine aliyefichwa nyuma ya ukuta anaielewa.

Na uchawi? Usiupige marufuku. Katika Dungeons & Dragons, uchawi wa ngazi ya kwanza wa kuelewa lugha unadumu saa moja, unatoa maana ya juujuu tu, na haukupi uwezo wa kujibu. Methali inampita mchawi vilevile. Wa ngazi ya tatu unakuwezesha kusema, lakini fikiria mgeni anayetokea ghafla akisema lugha ya nyumbani kwenu. Wangapi watampa maji, na wangapi watamwita mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa?

Kwa kujifunza lugha mpya, kanuni ya toleo lile la 2014 la Dungeons & Dragons inadai siku 250 za masomo na sarafu moja ya dhahabu kila siku. Siitumii. Mhusika aliyeitumia lugha asiyoijua kwenye hatari tatu tofauti anapata ya sokoni mwisho wa safari. Ya ugeni inadai mwalimu au msimu mzima mahali pamoja. Ya nyumbani haipatikani kwa alama. Mchezaji aoe huko, alee huko, anionyeshe.

Jambo moja la nje ya karatasi: mdomo wa mchezaji si mdomo wa mhusika. Mezani kwangu kuna mwenye Kiswahili cha kukatakata anayemwigiza mshairi wa Unguja. Aseme tu, "namsifu kwa beti mbili," nasi tunapokea beti mbili.

Na kabla hujafungua kikao, kagua vidokezo vyako. Kile ambacho bila hicho hadithi haiendelei kisikae ndani ya lugha moja pekee. Mimi hukiweka mara mbili: ndani ya barua, na kwenye mikono ya aliyeileta.