Umeanguka tena mtihani wa 6G? Omba kipande chako

Ndugu fundi wa kuchomelea, unayesaka kazi ya mabomba kwenye migodi ya Lubumbashi: ukianguka mtihani wa 6G (bomba lililoinamishwa nyuzi 45, lisilozungushwa), usiondoke bila kuomba vipande vyako vilivyokatwa kwenye weldi na kukunjwa kuipima. Kwa kanuni ya ASME IX (kanuni ya Kimarekani ya kupima mafundi wa kuchomelea), katika 6G hukunjwa vipande 4, viwili uso (upande wa nje wa weldi) na viwili mzizi (upande wa ndani). Ufa uliofunguka kupita milimita 3 unakuangusha.

Tazama ufa ulipo. Ukiwa mzizini, mara nyingi ni pale chini kabisa ya bomba, au pale ulipokata moto ukaanza upya. Pengo kati ya bomba mbili lilibana, au hukusaga ncha za vishikizo (weldi fupi za kushika bomba mahali pake). Acha pengo la milimita 3 (kunja bageti, yaani elektrodi, ya milimita 3.2 iliyovuliwa ganda, uiweke katikati kama kipimo), kisha saga kila kishikizo ncha zote mbili mpaka ziwe nyembamba kama ukingo wa jani. Hapa usione uvivu, hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Vitundu vidogo kama vya mkate? Bageti za 7018 (aina ambayo ganda lake lazima likae kavu) zimekula unyevu, hasa masika ya Novemba hadi Machi. Zitunze kwenye tanuri, nyuzi joto 120 hadi 150 za Selsiasi.

Na usikubali kurudia papo hapo kwa hasira: kanuni hiyohiyo hudai bomba mbili mfululizo, zote zipite. Ukienda kufanya mazoezi zaidi kwanza, utadaiwa moja tu.